Bure ya Arusha: tutizame, tufurahi, lakini jasho la mtu tulilipe

  Mlionitafuta wiki mbili hizi mkaona kimya, nilikuwa Arusha. Nilifuata mzigo wa shuka za Kimasai na shanga kwa ajili ya duka langu, na kwa kuwa skuli zilikuwa zimefungwa nikaenda na binti yangu wa miaka 11.

Niliporudi, hata kuvua viatu sijavua, swali la kwanza kibarazani lilikuwa, "Mmeona simba?" Nikasema hatukuona. "Tembo je?" Pia hatukuona. Wakacheka. Mmoja akaniambia, "Sasa mwenzangu, Arusha umekwenda kufanya nini?"

Sikukasirika, maana hata binti yangu alisema hayo hayo safarini. Tulipofika bandarini Dar es Salaam nilimwambia ukweli, kwamba mbugani hatutokwenda. Kiingilio kwa sisi raia si kikubwa, lakini gari, dereva, mafuta na pa kulala ndivyo vinavyomaliza mtu. Pesa niliyokuwa nayo ni ya mzigo, na mtaji hauliwi. Mtoto alininunia kwenye basi mpaka tukapita Korogwe.

Lakini wallahi, siku tatu zile tulistarehe. Na kwa starehe zenyewe karibu hatukutoa hata senti. Leo nataka tuzungumze juu ya neno hilo moja, bure. Arusha ilinifundisha kwamba bure si ya namna moja. Ziko bure tatu, na ukizichanganya unaweza kupata dhambi bila ya kujua. Mimi nilizichanganya.

Bure ya kwanza: ya Mwenyezi Mungu

Asubuhi ya kwanza tulisali Alfajiri kwenye chumba cha gesti, kisha mwenye gesti akatwambia, "Mama, mtoeni mtoto nje sasa hivi kabla mawingu hayajashuka." Tukatoka. Baridi ile, nilirudi ndani nikafungua bando la shuka nilizokwisha kununua, tukajifunika moja watu wawili.

Mlima Meru ulikuwa mbele yetu wote, kuanzia miti mpaka kileleni. Sisi watu wa kisiwani hatujui mlima. Unguja yetu sehemu yake ya juu kabisa ni kilima tu. Meru unapita mita 4,500, ni wa pili Tanzania baada ya Kilimanjaro. Ni mlima wa volkano, na mara ya mwisho kutoa moto ilikuwa mwaka 1910, kwa hiyo bibi zetu wakubwa wangeweza kulisikia hilo kwa masikio yao. Chini yake ni migomba na kahawa za Wameru na Waarusha, na maji mengi ya mji yanatoka huko huko.

Saa mbili na nusu asubuhi wingu likaanza kuuvuta kama mtu anavyovuta pazia. Saa nne hauonekani tena, na mtu aliyelala mpaka saa hiyo anaweza kukaa Arusha siku nzima asijue kama pana mlima. Jioni, karibu na Magharibi, ukafunguka tena kidogo.

Hii ndiyo bure ya kwanza. Hakuna wa kumlipa isipokuwa kumshukuru aliyeuumba. Binti yangu aliacha kununa siku hiyo.

Mji wenyewe ni tamasha

Baada ya hapo tukaingia mjini kwa miguu. Tulianzia Mnara wa Saa, ambapo wenyeji watakwambia ndipo katikati ya Cairo na Cape Town. Mimi sikupima, lakini ni pahala pazuri pa kusimama. Magari ya kitalii yanapita yamejaa vumbi la mbugani, Wazungu wamevaa kofia kama wanakwenda vitani, vijana wanauza mabangili, bodaboda wanapiga honi. Ukishika kivuli chako tu, picha zote zinapita mbele yako.

Tukapita Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nikamweleza mtoto kwamba aliyepewa jina la uwanja huu hakuwa mcheza mpira. Alikuwa mshairi, ndiye aliyeandika *Sheria za Kutunga Mashairi*, na alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam.

Kilombero ndiko nilikocheka mpaka machozi. Wauza mitumba wanapanda juu ya meza, mmoja anaimba bei, mwenzake anaitikia, wa tatu amevaa gauni la harusi juu ya suruali anajizungusha ili watu waone mshono. Mimi kama fundi nilikuwa naangalia mshono kweli, na nilikuta zipu imeshonwa vizuri kuliko zangu. Kule kwenye soko la vinyago na shanga, kina mama wa Kimasai wamekaa chini wanatunga shanga bila ya kutazama mikono yao. Nilisimama robo saa namtizama mmoja. Rangi anazipanga kichwani, hana karatasi wala chaki. Nilimuomba ruhusa ya kumpiga picha akakataa kwa adabu, nikarudisha simu mkobani. Hiyo ni haki yake, kama mimi nisivyotaka mtu aje kunipiga picha nimeinamia cherehani.

Bure ya pili: ya chambo

Sasa bure ya pili. Mchana karibu na stendi tulikuta lori la matangazo. Mziki mkubwa, vijana wanacheza juu yake, mtangazaji anarusha fulana kwa anayejibu swali. Watu wamejaa. Mwanangu alitaka fulana. Nikamwambia tizama, lakini jua kwamba mziki ule umeshalipiwa, na aliyeulipia anataka kitu kwako.

Usiku ndiyo zaidi. Arusha ni mji wa watalii, na kila mji wa watalii una taa zake. Yapo majumba ya kamari yenye taa zinazomemeta nyekundu na kijani, na mziki unatoka mpaka barabarani. Na vichochoroni, hata pale ambapo hakuna mtalii, zipo zile mashine ndogo za kutumbukiza sarafu, nazo zinaimba na kuwaka kama mchezo wa mtoto. Binti yangu alivutwa na taa akauliza kama tunaweza kuingia kutizama tu.

Shoga yangu mmoja aliyeko Marekani aliwahi kunitumia video akiwa matembezini Las Vegas. Mbele ya hoteli moja, Bellagio, pana ziwa la kutengeneza, na maji yanaruka juu yakifuata mziki, bure kabisa kwa anayepita njia. Yamekuwa yakicheza hivyo tangu mwaka 1998. Hoteli nyengine, The Mirage, ilikuwa na volkano ya kutengeneza barabarani iliyokuwa ikitoa moto kila usiku tangu mwaka 1989 mpaka hoteli ilipofungwa mwaka 2024. Nilishangaa ukarimu huo. Akanicheka: "Ukarimu gani? Wanakusimamisha mlangoni. Ukishasimama, mguu mmoja tu uko ndani, na ndani ndiko pesa inakobaki."

Nilivyokumbuka hayo nikamshika mtoto mkono. Mwenyezi Mungu ametwambia katika Suratul Maida kwamba kamari ni uchafu katika kazi za shetani, tuiepuke. Hakusema tuicheze kidogo. Na hata asiyekuwa Muislamu ajiulize, zile taa umeme wake nani anaulipa? Anaulipa yule kijana aliyeacha mshahara wake pale, na mke wake aliyekopa unga dukani.

Lakini nisizidishe. Si kila chambo ni haramu. Mimi mwenyewe natundika shela nzuri mlangoni ili upite uone. Kile Kituo cha Urithi wa Utamaduni, barabara ya kwendea Dodoma, kuingia ni bure, na tulizunguka humo asubuhi nzima tukitizama vinyago na picha za kuchora. Wanatarajia ununue, na kama hukununua unatoka na pesa zako zote. Biashara ya halali inakuonesha kitu na bei yake. Kamari inakuonesha taa tu.

Bure ya tatu: ya jasho

Hapa sasa ndipo nilipokosea.

Siku ya tatu, karibu na lile soko la vinyago, tuliwakuta vijana wanne wa sarakasi. Wametandika mkeka mkuukuu, mmoja anapiga ngoma, watatu wanapandana mabegani. Mdogo kabisa, ambaye hakuzidi miaka kumi na tano, alisimama juu ya mabega ya wawili, akajirusha kinyumenyume akatua kwa miguu kwenye lami. Watu tukapiga kelele. Wakatembea kwa mikono, wakaruka ndani ya pete ya chuma, yule wa ngoma akasokota baskeli kuukuu kichwani. Nusu saa nzima. Binti yangu alirekodi yote kwa simu yangu, na alicheka kicheko ambacho sijakisikia tangu baba yake na mimi tuachane.

Ngoma iliponyamaza, yule mdogo akavua kofia akaanza kuzunguka. Mnajua watu wanavyofanya. Mmoja anaangalia saa, mwengine anapokea simu isiyolia. Mimi nilimvuta mtoto mkono nikamwambia, "Twende haraka, wasije wakatuomba."

Tukaondoka. Tulipofika kona ya pili binti yangu akaniuliza, "Mama, mbona wewe unakasirika watu wakikwambia uwashonee bure?"

Sikuwa na jibu.

Mnaonijua mnajua ninavyolalamika. Mtu anakuja na gauni, "Fundi nipunguzie kiuno tu, dakika mbili." Anakuja na pazia, "Cherehani si inakwenda yenyewe?" Jirani anataka nimkatie kitambaa cha mwanawe cha Idi, "piga mkasi tu mara moja." Huo mkasi wa mara moja nimejifunza miaka. Nimeharibu vitambaa vya watu nikavilipa. Nimekaa mpaka saa tisa usiku mkesha wa Idi macho yanauma. Kwa hiyo dakika mbili zako ni miaka yangu. Nilishaandika hapa hapa mara ngapi kuhusu hilo? Na mlinipongeza sana.

Yule mtoto naye kule kujirusha hakuanza siku ile. Ameanguka mara ngapi mpaka akajua kutua? Siku akivunjika mguu, nani atamtibu? Na mimi nilikuwa na noti ya shilingi elfu mbili kwenye pochi, niliyoiweka kwa ajili ya chipsi.

Tukarudi mbio. Mkeka umeshakunjwa, wamekwenda. Tukauliza muuza maji, akasema hawana pahala pamoja, leo hapa kesho kwengine. Jioni nikapita tena, sikuwaona. Kesho yake alfajiri basi letu liliondoka.

Kitu cha ajabu ni kwamba mambo haya yalitokea Arusha. Mji ule, mwaka 1967, ndimo chama cha TANU kilipopitisha Azimio la Arusha, na makumbusho yake yapo mpaka leo. Huku kwetu wakati ule ilikuwa ASP, lakini skuli sote tulifundishwa: kila mwenye nguvu afanye kazi, na hakuna kuishi kwa kunyonya jasho la mwengine. Ukisikia unyonyaji unafikiria tajiri mwenye tumbo. Hufikirii mama mwenye mkoba wa shanga anayekimbia kofia ya mtoto.

Mtaniambia

Najua maneno yenu, niyajibu moja moja.

Wa kwanza atasema, mwanamke wa Kiislamu anasimamaje barabarani kutizama michezo? Mimi si sheikh, na mwenye elimu anisahihishe. Lakini imepokewa kwamba siku ya Idi Wahabeshi walikuwa wakicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (S.A.W.) akamsitiri Bibi Aisha kwa joho lake huku akitizama, na hakumharakisha mpaka alipotosheka mwenyewe. Simama kwa stara, usiache sala yako, usitizame kisichofaa. Mchezo wa uchafu upite. Sarakasi ya vijana waliovaa suruali zao na kucheza kwa adabu siuoni ubaya wake.

Wa pili atasema, ukiwapa unawafundisha kuomba. Dada yangu, anayeomba hajakupa kitu. Hawa wamekupa nusu saa yako ya kicheko kwanza, ndipo wakaleta kofia. Ile ni bili ya heshima, maana wamekuachia wewe mwenyewe upange bei. Sisi tumefundishwa mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka. Jasho la yule mtoto nililiona kwa macho yangu, lilikuwa linadondoka kwenye mkeka.

Kwa sababu hiyo hiyo tusiite sadaka. Sadaka unampa mtu kwa sababu hana. Hawa wanastahili malipo, hata kama wanazo. Ukimpa muite kwa jina la kazi yake, mwambie "mmecheza vizuri," umtizame usoni.

Wa tatu, na huyu namuonea huruma kwa sababu ni mimi, atasema hana pesa. Kama huna kweli, tizama kidogo, piga makofi, sema ahsante, Mwenyezi Mungu anajua mfuko wako. Lakini kama una pesa ya soda na ya bando la kuposti hiyo video, basi unayo ya kofia. Tangu siku ile kila nikitoka na mtoto naweka noti ndogo ndogo mfuko wa mbele wa mkoba. Hata shilingi mia tano. Watu hamsini wakitoa mia tano ni elfu ishirini na tano, na nyumbani kwao wanakula.

Na hapa kwetu

Wiki iliyopita nikampeleka binti yangu Forodhani jioni. Mnawajua makachu, wale vijana wanaojirusha baharini kutoka ukutani. Tumewazoea hata hatuwaoni. Wageni wanasimama na simu zao, sisi tunakula urojo, vijana wanapaa angani mmoja baada ya mwengine kama pweza karushwa, wanapanda tena wameloa, wanaruka tena. Nimekuwa nikiwatizama tangu mdogo. Hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumuita mmoja nikampa kitu. Alishtuka. Akaniuliza, "Unataka nini mama?" Nikamwambia sitaki kitu, nakulipa. Akaangalia wenzake, akacheka, akasema ngoja basi, akaenda kuruka tena akaniangalia akiwa angani.

Nikawaza, mtoto wa hapa hapa amezaliwa, na hajazoea kulipwa na mama wa hapa hapa.

Kwa hiyo mashoga zangu, mkipata safari ya Arusha na pesa ya mbugani hamna, nendeni vivyo hivyo. Amkeni mapema kwa ajili ya mlima. Tembeeni kwa miguu, simu iwe mkobani, ombeni ruhusa kabla ya picha. Taa za kamari zipiteni mbali na watoto wenu. Na mkisimama kwenye mkeka wa mtu, msikimbie kofia.

Mimi bado nina deni la shilingi elfu mbili Arusha. Nimeuliza kwa mwenye elimu, akaniambia nikishindwa kabisa kuwapata niitoe kwa niaba yao. Nitaitoa, lakini moyo wangu unataka ifike mikononi mwao. Wasomaji wangu mlioko Arusha, mkiwaona vijana wanne wa sarakasi, mkeka mkuukuu, mmoja mdogo anaruka kinyumenyume na mwenzake anasokota baskeli kichwani, naombeni muwape hiyo elfu mbili yangu, mniambie nikutumieni kwa simu siku hiyo hiyo. Mwambieni yule mdogo imetoka kwa fundi mmoja wa Unguja aliyeondoka haraka.

Wabillahi tawfiq.